Zamu ya Moshi

Ukivuka daraja la Ruvu ukitokea Bagamoyo mjini, bonde linakwisha na nchi inafunguka upande wa kulia, kuelekea baharini: mbuga ya nyasi ndefu, mikoche, vichaka vya migunga, kisha anga tupu. Hapo ndipo Makurunge inapoanzia. Abiria wa Kosta ya Msata hawakuwa na habari nayo. Nusu walikuwa wamelala, nusu wanasubiri Kiwangwa wanunue mananasi. Mimi nilikuwa nimejibana dirishani kwa sababu nilichokuja kukitafuta ni moshi, na mwishoni mwa Septemba, upepo wa kusi ukiwa haujachoka na vuli haijagusa ardhi, moshi Makurunge haukosi.

Safari hii ilianzia kwenye ramani. Shirika la anga la Marekani, NASA, lina mtandao uitwao FIRMS, unaotia nukta nyekundu kila mahali satelaiti ilipohisi joto la moto duniani. Kiangazi kikikolea, ukiusogeza karibu mwambao wa kaskazini ya Dar es Salaam, nukta hutapakaa kati ya mto Ruvu na mto Wami. Wengi wakiiona ramani ile huuliza nani kachoma. Mimi nilitaka kujua jambo jingine: nukta ikishawaka, nani anaambiwa, na huyo aliyeambiwa anamtuma nani?

Kwa Wamarekani swali hilo lina jibu lenye mshahara na kiinua mgongo. Msitu wa serikali ukishika moto, taarifa inafika kwenye chumba ambamo mtu wa zamu ameketi na redio, simu na ramani. Mtu huyo hashiki mpira wa maji wala jembe. Kazi yake ni kujua nani yuko wapi, gari gani lina maji, ndege gani ina mafuta, kuwatuma walio karibu, kisha kuwafuatilia kwa sauti mpaka warudi. Chumba hicho kikizidiwa kinaomba msaada kwenye kituo cha kanda, na kanda ikizidiwa inaomba kwenye kituo cha taifa kilichoko Boise, jimbo la Idaho. Watu wanaingia kwenye kazi hiyo wakiwa vijana na kustaafia humo, na wengi wao hawajawahi kuuona kwa macho moto walioutumia watu.

Hapa nchini kitu kinachokaribiana na hicho kiko kwenye mashamba ya miti ya serikali. Sao Hill kule Mufindi, shamba kubwa kuliko yote chini ya Wakala wa Huduma za Misitu, TFS, lina minara ya kuangalia moto. Utaratibu wa minara ni wa zamani na bado hauna mshindani: mlinzi anasoma kwa dira uelekeo wa moshi, mlinzi wa mnara mwingine anasoma wa kwake, na pale mistari miwili inapokatana kwenye ramani ndipo kikosi kinapokwenda. Lakini misindano ni mali, ina bei na ina mnunuzi. Nyasi za Makurunge hazipigwi mnada.

Niliteremka pale barabara ya Saadani inapochepuka, barabara ileile ambayo ikikamilika kwa lami itaunganisha Bagamoyo na Pangani hadi Tanga bila mtu kuzungukia Chalinze. Kwa sasa wenyeji wake ni bodaboda. Wawili walinijia kwa pamoja wakidhani nakwenda Hifadhi ya Saadani, nikawaambia kwanza nina njaa. Wakanielekeza kwa mama lishe mwenye banda la makuti lililogeukia kaskazini. Nilimwamkia, nikaagiza chai na chapati, nikazungukazunguka kwa maneno ya hali ya hewa, mwisho nikamuuliza kama siku hizi kuna moto.

"Moto upi?" akaniuliza akigeuza chapati. "Wa juzi au wa leo?"

Wa leo ulikuwa mbali, uzi mwembamba wa moshi upande wa Gama. Kwake haukuwa habari. Alinifundisha kuusoma: moshi mweupe unaopanda polepole ni majani mabichi, mtu anasafisha shamba na yuko palepale na familia yake. Moshi wa kahawia unaolala na kukimbia ni nyasi kavu, na huo hauna mwenyewe. Akiuona wa pili anaosha mikono na kumpigia mwenyekiti wa kitongoji. Kwa vocha ya nani? Akanicheka. "Ya kwangu, mwanangu. Nani mwingine?"

Nimeyafikiria sana maneno hayo ya vocha. Mama huyu, kwa mahali banda lake lilipo na kwa muda anaokaa hapo, toka alfajiri hadi usiku, ni mnara wa Sao Hill bila ngazi. Anaona mapema kuliko satelaiti, anatofautisha moto wa shamba na moto kichaa, anajua kumpigia nani. Hayumo kwenye daftari la ofisi yoyote.

Mwenyekiti wake nilimkuta chini ya mkorosho, mzee mwenye kanzu iliyopauka na simu ya kitochi iliyofungwa kwa mpira wa manati betri isidondoke. Shikamoo, marahaba, unatoka wapi, watu wa wapi asili, Pwani hapaharakishwi. Alipojua nimefuata nini alinipa ile simu niiangalie mwenyewe. Majina ya watu hayakuwemo, au yalikuwemo machache. Alikuwa amewaandika watu kwa mahali na kazi: Kitame Mvuvi, Gama Boda, Razaba Ng'ombe, Fukayosi Mkaa, Wami Afande. Mkaa aliyeandikwa pale, aliniambia bila haya, anachoma kwa kujificha, na mwenyekiti anajua, na anajua pia kwamba hakuna mtu anayekesha porini akiangalia moto kama mchoma mkaa, maana tanuri likipasuka usiku ni hasara yake.

Kisha akanieleza anavyofanya. Akipigiwa simu ya moshi hapeleki watu mara moja. Anapeleka bodaboda mmoja, anayemjua, aende akaone kwa macho, kwa sababu watu waliokatishwa palizi au chakula kwa moto wa mtu anayechoma visiki vyake hawatatoka siku ya pili. Huyo bodaboda akifika anaulizwa mambo kwa mpangilio ambao mzee hakuufundishwa na mtu: uko wapi hasa, kichwa cha moto kinaelekea wapi, mbele yake kuna nini, nani yuko hapo. Nilishangaa, maana ndiyo maswali ambayo mtu wa zamu popote duniani huanza nayo, kwa lugha yoyote.

La kwanza ndilo gumu kuliko yote. Kati ya Ruvu na Wami ni tambarare. Hakuna mlima wa kuelekezea wala mnara wa msikiti. Mahali panaitwa kwa mti ulioanguka zamani, kwa kisima kilichofukiwa, kwa mtu aliyefariki. Mwenyekiti akisema "pale kwa marehemu fulani, ukiacha mvumo wenye kichwa kimoja mkono wa kushoto", bodaboda anafika. Askari aliyehamishiwa hapa mwezi uliopita kutoka Ruaha hafiki. Yeye anataka namba za GPS, ambazo mwenyekiti hana, na kati ya lugha hizi mbili dakika zinapotea.

Swali la pili ni la upepo. Kusi inaposhika, mchana kutwa inasukuma kutoka kusini na baharini, kwa hiyo moto uliowashwa Makurunge una safari moja tu: kaskazini, kuelekea Wami na Hifadhi ya Taifa Saadani iliyo ng'ambo. Alasiri upepo wa bahari unaongeza nguvu, na hapo moto wa nyasi unaweza kumpita mtu anayekimbia. Usiku ukiingia, umande, upepo wa kutoka nchi kavu, unaurudisha nyuma au unaulaza kabisa. Kwa hiyo wazee hapa hawapambani na kichwa cha moto saa tisa alasiri. Wanabana mbavu zake, wanafyeka mbele karibu na njia iliyopo tayari, wanasubiri ulegee jioni, ndipo wanaumaliza kwa matawi mabichi. Kijana mwenye pupa hupelekwa mkiani, ambako hakuna sifa lakini hakuna kufa.

Swali la nani yuko hapo ndilo lenye siasa. Ardhi hii imebadilisha wenyewe mara nyingi kuliko inavyostahili. Miaka ya 1970 Serikali ya Zanzibar ilikuwa na shamba la mifugo hapa, Razaba, na jina limebaki mahali ng'ombe walipokwisha. Baadaye likaja pendekezo la Waswidi la miwa ya sukari na nishati, likazungumzwa miaka, hadi serikali ilipofuta hati mwaka 2016. Sasa kuna miwa ya kampuni ya Bakhresa na kiwanda chake. Katikati ya hayo yote wamekuwepo wakulima, wachoma mkaa, na Wabarabaig na mifugo yao. Moto ukiwaka kwenye kipande ambacho kila mtu anasema ni cha mwingine, unamtuma nani? Mwenyekiti alijibu kwa mkato: "Namtuma ambaye moto utamfikia kwanza. Huyo habishani."

Kesho yake nilipanda bodaboda, yuleyule Gama Boda wa kwenye simu kama nilivyokuja kutambua, kwenda kwenye kituo kidogo cha askari wa hifadhi upande wa Wami, nikiwa na barua yangu ya ruhusa iliyopigwa mihuri ya kutosha. Tulipita kando ya miwa, tukapita eneo lililoungua karibuni. Watu wengi wanadhani pori lililoungua ni jivu na simanzi. Pale palikuwa na chipukizi za kijani zilizochomoza kwenye weusi, na kuro wanane au tisa wanakula bila wasiwasi. Mikoche ilikuwa imeungua mashina na juu imesimama mizima, kama vile hakuna lililotokea. Mti ule na moto wanafahamiana.

Hili ni jambo ambalo anayeshika zamu ya moto huku lazima alijue, la sivyo atatuma watu wakazime kitu kinachotakiwa kuwaka. Saadani, iliyopewa hadhi ya hifadhi ya taifa mwaka 2005 na ambayo inasifika kwa wanyama wake kufika hadi mchangani mwa bahari, inaishi kwa moto kiasi fulani. Wahifadhi huchoma wenyewe mapema, nyasi zikiwa bado na unyevu wa masika, moto unapokwenda taratibu na kuacha viraka. Viraka hivyo vinazuia moto mkubwa wa Septemba na vinawapa wanyama majani machanga. Upande wa kaskazini wa hifadhi, Mkwaja, palikuwa na ranchi ya ng'ombe kwa nusu karne hivi hadi ilipofungwa mwaka 2000 kwa kushindwa na ndorobo na vichaka, na watafiti waliokwenda huko walikuta migunga imevamia malisho. Msitu wa Zaraninge, upande wa magharibi, ni habari nyingine: humo kuna miti ya pwani isiyozoea moto kabisa, na moto ukiingia pembeni mwaka huu na mwaka ujao, msitu unarudi nyuma hatua kwa hatua na nyasi zinachukua nafasi. Kwa hiyo moto uleule, upepo uleule, ukielekea mbugani unaweza kuuacha ukiuangalia. Ukielekea Zaraninge unaamsha watu.

Askari wa zamu alikuwa mwanamke kijana, afande kama wote wanavyomwita, na chumba chake kilikuwa na meza moja, simu ya upepo, chaja ya sola, ramani ya ukutani iliyochorwa miraba, na kaunta buku. Kwenye kaunta buku alikuwa amepiga mistari kwa rula: saa, mahali, upepo, aliyetoa taarifa, waliokwenda, waliorudi. Safu ya mwisho ilikuwa imekolezwa kwa wino mwekundu. Nikamuuliza kwa nini. Akasema kutuma watu kila mtu anaweza, hata mtoto anaweza kusema nendeni. Kazi ni kujua saa mbili usiku kama waliotoka sita wamerudi sita. Sheria yake ni kwamba hafungi ukurasa wala hali chakula mpaka safu ile ijae, na akipokelewa zamu huku haijajaa, anayepokea anasaini kwamba amewapokea watu walioko nje. Kwa vitu vyote nilivyoviona katika safari hii, ile safu nyekundu ndiyo ningependa kila kituo nchini kiinakili.

Nilimwonyesha nukta zangu za NASA. Alizijua kuliko mimi. Alifungua simu yake na kunionyesha nukta iliyokaa kwenye mashamba ya chumvi ya pwani, ambako hakuna cha kuungua. Jua hung'aa juu ya maji na satelaiti ikadanganyika. Akanieleza na mengine, mengine nilikuwa nayajua kwa kusoma, lakini kuyasikia kutoka kwa mtu anayeyatumia ni kitu tofauti. Chombo cha MODIS kilichoko kwenye satelaiti za Terra na Aqua, zilizorushwa mwaka 1999 na 2002, kinaiona ardhi kwa vipande vya kilometa moja. VIIRS, kilichoanza na satelaiti ya mwaka 2011, kinaona vipande vya mita 375. Nukta ni kipande chote kilichohisiwa joto. Haikuambii kama ndani yake kuna mstari wa moto wa mita mia tatu au kibanda kimoja. Na satelaiti hizi hazikai juu yetu. VIIRS hupita kwenye saa saba na nusu mchana na saa saba na nusu usiku. Huko hifadhini moto mbaya huanza alasiri, baada ya watu kula na upepo wa bahari kuamka. Ukiwashwa saa tisa na kulazwa na umande saa mbili usiku, umeunguza ulichounguza na satelaiti hizi hazina habari. Tena habari yenyewe huchukua hata saa tatu kufika. Tanuri la mkaa lililofunikwa udongo vizuri halionekani kabisa.

"Satelaiti inanisaidia kuandika ripoti," alisema. "Ya kunitumia watu ni ya mama lishe."

Alasiri ile sikupangiwa kuona moto, lakini nikaupata. Saa tisa na robo kitochi cha mwenyekiti kilipiga kwenye simu ya afande: moshi wa kahawia, magharibi ya njia ya Gama, unakimbia. Sikuona mtu akiruka wala kupiga kelele. Afande aliandika saa kwanza, ndipo akauliza. Alimtaka mwenyekiti amtaje mtu aliyeuona kwa macho, si aliyesikia. Kisha akashika simu ya upepo: "Doria Mbili, Doria Mbili, hapa Kituo." Kukakwaruza, kukanyamaza. Akarudia. Mara ya tatu ikajibu sauti ya mbali: "Kituo, nakupata, endelea." Akawapa mraba wa ramani, akasita, akaongeza jina la mahali kama mwenyekiti alivyolisema, kisima na yote, na hapo dereva wa doria, ambaye ni mzaliwa wa Matipwili, akasema tu, "Ahaa. Tumepajua."

Kilichofuata ni saa kadhaa za kukaa. Hiyo ndiyo sura ya kazi hii ambayo hakuna picha inayoionyesha. Kila nusu saa aliita, wakajibu, akaandika. Upepo umeongezeka. Watu wa kijiji kumi na kitu wamefika na matawi. Maji ya mgongoni yamekwisha, pikipiki moja inarudi kujaza. Aliita kituo kingine kuuliza kama wana watu wa ziada, wakamwambia wana moto wao. Alifikiri, akamtuma Gama Boda, raia, apeleke madumu mawili ya maji ya kunywa na mkate, akamwandika na yeye kwenye safu ya waliokwenda. Jina lake, namba ya pikipiki, saa.

Tukiwa tunasubiri, askari mwenzake mkubwa kwa umri, aliyewahi kupangwa mlimani, alianza kusimulia Kilimanjaro. Oktoba 2020 moto ulizuka eneo la Whona, kati ya vituo vya Mandara na Horombo, ukatembea juma zima na zaidi kwenye vichaka vya juu vilivyokauka, ukaunguza takribani kilometa za mraba 95. Walioupanda mlima kuuzima walizidi mia tano: askari, wanakijiji, wanafunzi wa chuo cha Mweka. Dunia nzima ilitazama picha za mlima unawaka usiku. Yeye hakusimulia moto. Alisimulia chakula: watu mia tano kwenye baridi ya zaidi ya mita elfu tatu wanakula nini, nani anapandisha, blanketi ziko ngapi, na nani anajua kundi lililopanda alfajiri liko bonde gani ifikapo jioni. Alisema mlimani alijifunza kwamba moto mkubwa ni kazi ya jikoni na daftari. Afande alikuwa ameshayasikia maneno hayo mara nyingi, hakuinua kichwa.

Nadhani hapo ndipo tunapokosea kama taifa tunapoongelea moto kichaa. Kila Septemba hotuba zinawaonya wachomaji, na sheria ipo. Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 ina masharti yake kuhusu kuchoma mimea na vibali. Namba ya 114 ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji imeandikwa kwenye magari, nayo ni msaada kwa nyumba iliyo kando ya barabara. Lakini gari lenye mabomba halipiti kwenye udongo mweusi wa mbuga wala halijui kisima kilichofukiwa. Fedha zikipatikana zinanunua vifaa vinavyong'aa siku ya makabidhiano. Sijasikia makabidhiano ya vocha. Orodha ya watu ishirini kati ya Ruvu na Wami, mama lishe, bodaboda, wavuvi wa Kitame, wawekewe muda wa maongezi kiangazi chote na betri mpya ya mzee: bei yake haifikii tairi za gari moja la doria.

Moto ule ulilala saa mbili kasoro usiku ulipofika kwenye njia na upepo ukageuka kuwa umande. Zaraninge haukuguswa. Safu nyekundu ilichelewa kwa ajili ya mtu mmoja wa kijijini aliyepita njia ya mkato kwenda nyumbani bila kuaga; afande alipiga simu nne mpaka mke wake akathibitisha kwamba bwana yuko ndani anaoga. Ndipo akala.

Asubuhi nilirudi Makurunge na kulikuta lile suala la majina ambalo nilikuwa nimelihisi tangu mwanzo kwenye simu ya mwenyekiti. Razaba Ng'ombe, kijana wa Kibarabaig mwenye shuka na fimbo, alikuja kunywa chai. Ndiye aliyeuona moto wa jana kabla ya mtu yeyote, nusu saa kabla. Hakupiga. Mwenyekiti alimkaripia mbele yangu na kijana akasikiliza kwa adabu, halafu akaeleza. Mwaka uliopita alipiga akatoa taarifa ya moto, na aliyepokea upande wa pili akaanza na: wewe nani, unafanya nini huko, ng'ombe wako wako wapi? Waliokuja walimfuata yeye kwanza, moto baadaye. Ni kweli wafugaji huchoma ili wapate majani machanga, mzee alisema. Ni kweli, kijana alikubali, na warina asali wanachoma, na wawindaji wa panya buku, na ninyi mashamba yenu. Wakabishana kidogo kwa heshima. Mwenyekiti alishikilia kwamba jina lazima, maana asiye na jina ana la kuficha.

Nilikuwa nimebakiwa na muda kabla ya Kosta, nikampigia afande nikamweleza. Yeye na mwenyekiti hawakubaliani kwa hili na wala hawajawahi kukaa wakalizungumza. Kwake swali la kwanza ni mahali, la pili upepo, na jina ni la mwisho kama muda upo. Nikampa kijana simu aongee naye mwenyewe. Waliongea kwa ufupi, kijana akitazama chini.

"Nitapiga," alimwambia. "Lakini ukiniuliza jina, nakata."

Nilikuwa karibu, nikasikia jibu lake kwenye spika: "Kata tu, kaka. Mahali utakuwa umeshanipa."